Si haya iliyowaharibu wachoraji wa Uingereza, ni chembe za mkate

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala yenu kuhusu uchoraji wa Uingereza katika karne ya 19 ilidai kwamba Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walishindwa kuchora mwili wa mtu kwa sababu walimwonea haya mtu aliye uchi. Hoja hiyo ni rahisi kuikumbuka, lakini imebisha hodi nyumba isiyo yake. Mtu aliye uchi alichorwa London jioni baada ya jioni katika karne yote ile. Kilichokuwa kibovu ni njia ya kumfikisha mwanafunzi mbele ya mtu huyo, na miaka aliyoipoteza akiwa njiani.

Chukueni Royal Academy, chama cha wasanii cha London chenye shule zake za sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1768. Katika karne ya 19 ilihama kutoka Somerset House kwenda Trafalgar Square mwaka 1837, halafu Burlington House, Piccadilly, miaka ya 1860 ikielekea ukingoni. Popote ilipohamia, masharti ya kuingia shuleni kwake hayakubadilika sana. Mwombaji alileta mchoro wa chaki wa sanamu ya kale, wenye urefu wa kama futi 2, uliokamilishwa hadi unywele wa mwisho. Akipita, alikuwa wa majaribio tu. Alipewa miezi 3 achore humo humo shuleni sanamu nyingine, kiunzi cha mifupa, na umbo la mtu aliyechunwa ngozi ili misuli ionekane. Akivuka hapo ndipo alipoitwa mwanafunzi, na hata hivyo hakupelekwa kwa mtu hai. Alirudishwa kwenye chumba cha plasta, akakae na nakala za plasta za sanamu maarufu za kale, kama Apollo, Laocoön na mrusha kisahani, mpaka wakubwa waridhike.

Tena wengi walikuwa wameanzia chini zaidi. Katika shule ya Henry Sass huko Bloomsbury, iliyowaandaa vijana kwa ajili ya Royal Academy, mwanafunzi aliwekewa tufe kubwa jeupe la plasta, akalichora kwa majuma hadi lionekane mviringo kweli. Si zoezi baya. Tufe linafundisha jambo ambalo goti na bega vitakuja kulidai: mwanga, rangi ya kati, kivuli, na ule mng'ao hafifu unaorudi kwenye kivuli kutoka mezani. Ubaya ni majuma.

Plasta haichoki, haipumui, wala haiombi kwenda kunywa maji. Kitu kisichochoka hakimlazimishi mchoraji kuamua lolote leo. Ndivyo ulivyozaliwa ule mtindo wa nukta. Mwanafunzi alisaga chaki nyeusi ikawa unga, akaupakaza kwa kisokoto, yaani kipande cha ngozi au karatasi kilichosokotwa kikachongwa ncha. Kisha alichonga chaki nyingine kama sindano, akaanza kujaza nukta kati ya nukta ili uso wa karatasi usiwe na doa. Nukta ikizidi weusi, alichukua chembe za mkate, akazifinyanga kwa vidole zikawa na ncha, akadonoa. Kwa kudonoa alitoboa mwanga mdogo usiotakiwa, basi akaujaza nukta nyingine. Ikawa kazi ya kufuma na kufumua.

Mkate wenyewe ulikuwa na mashaka yake. Ulipaswa kuwa wa jana, si wa asubuhi ile, na usiwe na mafuta hata kidogo. Mkate mbichi hugandamana na karatasi. Ukiwa na mafuta huacha mahali panapoteleza, chaki haishiki tena, na doa hilo halifutiki hata ufanyeje. Mpira wa kufutia nao ulikuwa mkali zaidi, kwani ulikwangua vinyweleo vya karatasi, na kivuli kilichopita hapo baadaye kilitoka kama moshi. Lakini hasara kubwa ilikuwa kwenye jicho. Mtu anayeangalia inchi moja ya paja kwa siku nne hawezi kujua kama paja lenyewe limeungana na nyonga. Kuna michoro ya aina hii ambayo kila inchi ni laini kama hariri, na mtu mzima aliyemo anaanguka kifudifudi.

Ugonjwa huo ulienea nchi nzima pale serikali ilipojitwika ualimu. Shule ya Usanifu ya serikali ilifunguliwa Somerset House mwaka 1837, na mwanzoni ilikataa kabisa kuchora mtu, kwa hofu kwamba wabunifu wa vitambaa na vyombo wangejiona wasanii wakubwa. Tazameni sababu hiyo: ni ya kiwanda na kazi, si ya haya. Mchoraji Benjamin Robert Haydon aliipigia kelele na akasaidia kuanzisha shule pinzani yenye mtu wa kuchorwa. Baada ya mwaka 1852, chini ya Henry Cole na Richard Redgrave, wasimamizi wa elimu ya sanaa ya serikali, South Kensington, makao ya shule hizo London, ilipanga masomo katika hatua 23. Mwili wa mtu ulikuwamo, ila kwanza mwanafunzi alipitia mistari ya jiometri, kisha mapambo ya kunakili kutoka karatasi, kisha mapambo ya plasta. Na kwa kuwa medali zilitolewa kwa kazi zilizokamilishwa, nukta na mkate vilipata mshahara.

Sasa tuingie chumba cha mtu hai, maana makala yenu ilikipita mlangoni. Mwanzoni mwa karne kilikuwa na viti vya ngazi vilivyopangwa nusu duara. Taa kubwa moja ilining'inia juu ya jukwaa la modeli, yaani mtu anayechorwa, na wachoraji walikuwa na taa zao ndogo zilizozibwa upande mmoja. Taa moja kubwa ina faida yake: kivuli hukatika wazi, nawe huwezi kujidanganya kimeanzia wapi. Kila mwaka walichaguliwa wanachama wa Royal Academy wa kusimamia chumba kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja, na msimamizi ndiye aliyempanga modeli. Modeli mwanamke alilipwa zaidi ya mwanamume, na kijana asiyetimiza miaka 20 hakuruhusiwa kumchora mwanamke isipokuwa awe ameoa. Mkao mgumu ulisaidiwa kwa kamba kutoka darini, fimbo ya kushikia, au boksi chini ya kisigino, na nyayo zilizungushiwa chaki sakafuni ili baada ya mapumziko arudi palepale.

Tuseme modeli amesimama, uzito wote uko mguu wa kulia. Mchoraji mzoefu aliweka kwanza alama mbili tu, ya utosi na ya nyayo. Asiyeziweka huanza na kichwa, hukipenda, hukikuza, na mwishowe miguu humwishia nje ya karatasi. Halafu timazi, uzi wenye risasi uliofungwa chini, ukishikwa mbele ya jicho moja. Ukimtazama kwa mbele mtu aliyeegemea mguu mmoja, kishimo cha koo hukaa juu ya kifundo cha ndani cha mguu unaobeba. Kosea hapo kwa upana wa kidole, na hakuna kivuli kitakachomsimamisha tena. Baada ya timazi huja mishazari miwili: nyonga ya upande unaobeba hupanda, bega la upande huohuo hushuka. Ndipo mstari wa nje, kwa vipande vifupi vilivyonyooka, vikilainishwa baadaye. Kivuli kilitiwa mwisho, chote kwa pamoja, kama nchi moja yenye mpaka mmoja, kabla ya kutafuta vijiji vilivyomo ndani.

Karatasi nzuri kwa kazi hiyo ilikuwa ya kijivu, kahawia au buluu hafifu, kwa sababu yenyewe ndiyo rangi ya kati. Chaki nyeusi ilitia giza, nyeupe iligusa tu paji, bega na mfupa wa ugoko, na kati yake karatasi iliachwa. Mwanafunzi mwenye tamaa aliipitisha nyeupe juu ya nyeusi, zikatoa kijivu cha ubuluu kama ngozi ya maiti. Kosa hilo halirekebishwi kwa mkate wala kwa dua.

Na hapa ndipo plasta ilipodai deni lake. Sanamu nyingi za kale alizochora kijana huyu zina urefu wa vichwa 7 na nusu hadi 8. Kibarua au askari aliyekuwa jukwaani mara nyingi hakufika huko. Mkono uliokwisha kuzoea Apollo ulimrefusha mapaja, ukampunguza kichwa, ukamnyoosha vidole vya miguu vilivyopindwa na viatu, mwenyewe akidhani anachora alichokiona. Mchoraji J. M. W. Turner aliliona tatizo hili vizuri. Alipokuwa msimamizi alimweka modeli mwanamke kando ya nakala ya plasta ya Venus de' Medici, sanamu ya kale ya mungu wa kike, katika mkao uleule, wanafunzi walinganishe kwa macho yao. Somo hilo la jioni chache lina thamani kuliko mwaka mzima wa nukta. John Constable naye, mtu wa miti na mawingu, zamu yake ya mwaka 1831 alimpanga modeli awe Hawa bustanini, matawi ya kijani yakaletwa kutoka Hampstead, na waliokuwa wakiyabeba wakasimamishwa na polisi kwa kudhaniwa wezi wa bustani za watu.

Mtu atatuuliza: na mchoraji William Mulready je? Mzaliwa huyo wa Ireland alichora kwa chaki nyekundu na nyeusi, kwa vistari vyembamba kama nywele, na bado miili yake ina damu. Ni kweli, na hatumfichi. Lakini Mulready aliingia shule za Royal Academy mwaka 1800 akiwa kijana wa miaka 14, na miaka ya 1850, akiwa mwanachama mkongwe, bado alikuwa akikaa na vijana kuchora mtu hai. Ulaini wake ulikuja juu ya mifupa aliyoijua. Mchoraji William Etty alifanya vivyo hivyo kwa rangi ya mafuta, akarudi chumba kile hata baada ya kuwa mwanachama kamili mwaka 1828, jambo lililowashangaza wenzake. Tena kuhusu hiyo haya mnayoisema: michoro ya uchi ya Mulready ilipoonyeshwa Gore House, Kensington, mwaka 1853, Malkia Victoria mwenyewe aliipenda. Aliyeilaani ni John Ruskin, mhakiki wa sanaa.

Elimu ya misuli nayo ilizaa makosa yake. Mwaka 1801 James Legg, aliyenyongwa kwa kosa la kuua, alichukuliwa na kutundikwa msalabani akiwa maiti bado mbichi. Mchongaji Thomas Banks pamoja na Benjamin West na Richard Cosway walitaka kujua kama picha za kusulubiwa zilikuwa sahihi. Joseph Carpue, daktari wa upasuaji, aliuchuna mwili, na plasta ikamiminwa juu yake ili kupata nakala. Nakala hiyo ingali katika shule za Royal Academy. Ni chombo kizuri cha kujifunzia, ila ni mwili unaoning'inia, usiofanya kazi. Kijana aliyeikariri alichora misuli yote imekaza kwa wakati mmoja, na mtu wake akafanana na gunia la viazi. Kwa mtu anayekunja mkono kuinua mzigo, msuli wa mbele ukijikusanya, wa nyuma hulegea na kurefuka. Mchoro usioonyesha msuli uliolegea hauonyeshi nguvu, unaonyesha orodha.

Haydon alijaribu njia ya mkato ambayo karibu imuue mtu. Mwaka 1810 alipata modeli aliyeitwa Wilson, baharia Mweusi kutoka Boston, Marekani, ambaye umbo lake liliwashangaza wachoraji wa London. Haydon alimchora karibu mwezi mzima, kisha akataka nakala ya mwili wote kwa mara moja. Wakamzungushia ukuta, wakakoroga busheli 7 za plasta, zaidi ya lita 250, wakammiminia hadi shingoni. Plasta ilipoganda ilimbana kifua pande zote kwa usawa, mbavu zikakosa nafasi ya kupanuka, naye akaanza kukata pumzi. Wakaubomoa ukuta na kumtoa akiwa hoi. Fundi yeyote wa kalibu angewaambia: kiwiliwili hufunikwa kwa sehemu, mbele kisha nyuma, na kifua huachiwa pumzi. Haydon alifurahia nakala aliyoipata, na mwaka uliofuata akaandika gazetini kwa dharau ya rangi kuhusu mwili uleule aliokuwa ameusifu.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1871, ilipofunguliwa shule ya Slade katika University College London kwa wosia wa Felix Slade. Edward Poynter, profesa wa kwanza, alikuwa amesoma Paris kwa mchoraji Gleyre, na alisema waziwazi kwamba miezi ya kunukta plasta inaua jicho. Kwake mwanafunzi alifika kwa mtu hai mapema, akaachiwa plasta kama msaada. Mwaka 1876 akafuata Alphonse Legros, mzaliwa wa Ufaransa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, basi alifundisha kwa mkono, akisimama mbele ya darasa na kuchora huku wakimtazama. Kivuli chake kilikuwa mistari sambamba ya mshazari, yote upande mmoja, bila kisokoto. Faida yake ni kwamba mstari wa mshazari haufichi kosa. Ukikosea umbo, linaonekana papo hapo, nawe unarekebisha umbo badala ya kupaka uso poda.

Frederic Leighton, rais wa Royal Academy kuanzia mwaka 1878, hakufuata njia ya Slade, lakini hatua zake zinafaa kutajwa kwa kuwa makala yenu ilimtaja kama mchoraji wa nguo. Alianza na wazo dogo la mistari. Kisha alimchora modeli akiwa uchi katika mkao kamili, kwa chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kahawia. Halafu kitambaa kikawekwa juu ya mkao uleule, akachora mikunjo. Kwenye turubai alipaka kwanza mwili mtupu kwa rangi moja, ndipo akauvika. Ukiona goti chini ya vazi la rangi ya chungwa katika picha yake Flaming June ya mwaka 1895, lipo kwa sababu lilichorwa kabla ya kufunikwa. Anayeanza na nguo hupata mikunjo mizuri iliyotundikwa hewani.

Mahali pamoja tu haya ilitawala kweli, nayo ni kwa wanawake. Laura Herford aliingia shule za Royal Academy mwaka 1860 kwa kuwa alisaini mchoro wake kwa herufi za mwanzo na jina la ukoo, wakubwa wakamdhania mwanamume. Wanawake waliomfuata walichora plasta, wakachora watu waliovaa, basi. Mwaka 1893 ndipo kanuni ilipolegea, tena legezo lenyewe lisomeni: modeli mwanamume avae suruali fupi ya kuogea, juu yake azungushiwe kitambaa chepesi chenye urefu wa futi 9 na upana wa futi 3, kipitishwe katikati ya miguu na kuchomekwa kiunoni, kisha mshipi mwembamba wa ngozi ukishikilie. Nyonga, ambayo ndiyo bawaba ya mkao mzima, ikafungwa kama mzigo wa posta. Slade iliwapokea wanawake tangu ilipofunguliwa, na kwa hiyo walio wengi walijua waende wapi. Ule ukali wa mwaka 1885 mlioutaja pia ulikuwa barua kwa mhariri, kama hii yetu. John Callcott Horsley, mweka hazina wa Royal Academy, aliliandikia gazeti la The Times kulaani picha za uchi, akajiita mama wa Kiingereza. Wenzake walimcheka, na modeli walipanda jukwaani wiki hiyo kama kawaida.

Mwisho, tunaomba masahihisho. Mchoro wa penseli mliouchapisha juu ya makala, wa mwanamke Mweusi aliyegeuza kichwa, mmeuandikia chini “mtumishi asiyejulikana”. Anajulikana. Ni Fanny Eaton, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1835 na kufariki mwaka 1924, naye alichorwa na mchoraji Simeon Solomon mwaka 1859 kwa maandalizi ya picha ya mama yake Musa iliyoonyeshwa Royal Academy mwaka 1860. Wachoraji Millais na Rossetti nao walimchora. Mchoro huo hauna kisokoto wala nukta, na mkiuchapisha tena, tafadhali chapeni jina lake.

Ni sisi wasomaji wenu,
Walimu wawili wa uchoraji